Tofali na Kalamu: Kanisa la Tuskegee na Wajenzi Waliotoka Kwake

Utangulizi

Kitabu cha Kutoka kinaeleza kwamba Mungu alipoagiza hema ya kukutania ijengwe jangwani, aliwataja mafundi wawili kwa majina yao. Wa kwanza ni Bezaleli wa kabila ya Yuda, na wa pili ni Oholiabu wa kabila ya Dani. Katika safari ya jangwani bendera ya Yuda ndiyo iliyotangulia, na bendera ya Dani ndiyo iliyofuata nyuma ya makambi yote. Hivyo kazi ya kubuni na kusimamia nyumba ya Bwana ilikabidhiwa kwa mtu wa mbele na mtu wa nyuma kwa pamoja. Wanawake wenye ustadi nao walisokota nyuzi kwa mikono yao. Tena Maandiko yanaongeza jambo ambalo mara nyingi halitiliwi maanani: mafundi hao wawili walipewa pia karama ya kuwafundisha wengine.

Jubilei ya miaka 100 ni wakati wa kukumbuka majengo na watu walioyajenga. Katika sharika nyingi kongwe za Kilutheri nchini Tanzania, wazee husimulia jinsi washarika walivyobeba mawe, akina mama wakateka maji, na vijana wa kipaimara wakasomba mchanga. Simulizi hizo zinastahili kuhifadhiwa. Hata hivyo, liko swali moja ambalo huulizwa mara chache: ni nani aliyechora ramani? Kwa muda mrefu mkono uliobeba jiwe ulikuwa wa mwenyeji, na mkono ulioshika kalamu ulikuwa wa mgeni. Kanisa la Azania Front jijini Dar es Salaam, lililojengwa na Wajerumani wakati karne ya 19 ikigeukia ya 20, ni mfano ambao kila apitaye bandarini anaufahamu.

Insha hii inaeleza habari za mahali ambapo mikono hiyo miwili ilikutana mapema, tena miongoni mwa watu ambao wazazi wao walikuwa wametoka utumwani. Mahali hapo ni Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Habari zake zinafundisha kwamba jengo huihudumia jamii kwa ukamilifu pale ambapo jamii hiyo imepata nafasi ya kulibeba na nafasi ya kulibuni pia.

Shule iliyoanzia kanisani

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukakomeshwa katika nchi nzima. Watu weusi waliokuwa watumwa walipata uhuru, lakini wengi wao hawakuwa na ardhi, wala shule, wala nyumba zinazostahili. Tarehe 4 Julai 1881 shule ya kuwaandaa walimu weusi ilifunguliwa Tuskegee ikiwa na wanafunzi 30. Mkuu wake alikuwa Booker T. Washington, kijana aliyezaliwa utumwani. Shule haikuwa na jengo lake yenyewe. Ilianzia katika kanisa la Wamethodisti weusi na kibanda kilichokuwa jirani.

Washington aliamua kwamba wanafunzi wenyewe wangejenga shule yao. Uamuzi huo haukupokelewa kwa furaha na watu wote. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba watoto wao walipelekwa kusoma vitabu, wala si kushika sululu, kwa maana kazi ya mikono iliwakumbusha utumwa. Wanafunzi nao walinung'unika waliposimama matopeni hadi magotini wakichimba udongo wa matofali. Katika kitabu cha maisha yake kilichochapishwa mwaka 1901, Washington alieleza kwamba matanuri matatu ya kwanza yaliharibika, moja baada ya jingine. Fedha zilipokwisha, aliichukua saa yake ya mfukoni, akaenda nayo katika mji wa Montgomery na kuiweka rehani kwa dola 15 ili apate gharama ya jaribio la nne. Saa hiyo hakuikomboa tena, lakini tanuri la nne lilitoa matofali mazuri.

Matofali hayo yalizaa tunda ambalo halikutarajiwa. Wazungu wa eneo hilo, ambao wengi wao waliitazama shule ya weusi kwa mashaka, walianza kuja kuyanunua, kwa kuwa yalikuwa imara na hapakuwa na mahali pengine pa karibu pa kuyapata. Watu ambao wasingekaa meza moja walianza kufanya biashara pamoja. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba biashara hiyo haikuondoa ubaguzi. Sheria za kuwatenga watu weusi ziliendelea kutungwa katika majimbo ya kusini, na hatari ya kuuawa na makundi ya watu wenye chuki ilikuwepo kila siku.

Mwana wa seremala

Shule ilipokua, fundi wa kufyatua tofali peke yake hakutosha. Alihitajika mtu wa kupanga majengo, kupima, kuchora na kusimamia. Washington hakutaka mtu huyo atoke nje ya jamii aliyoihudumia, naye akampata Robert Robinson Taylor.

Taylor alizaliwa tarehe 8 Juni 1868 katika mji wa Wilmington, jimbo la North Carolina. Baba yake, Henry Taylor, alikuwa mtoto wa mama mweusi na baba Mzungu mwenye watumwa. Henry alikuwa seremala na mfanyabiashara, na mwanawe alijifunza kazi ya ujenzi kwake kabla ya kuisoma darasani. Mwaka 1888 kijana huyo aliingia katika Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, kijulikanacho kama MIT, akahitimu usanifu majengo mwaka 1892. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuhitimu katika chuo hicho.

Kwa elimu hiyo angeweza kutafuta riziki katika miji mikubwa ya kaskazini, lakini mwaka huohuo wa 1892 alikwenda Tuskegee. Huko alifundisha, akachora ramani, akasimamia ujenzi. Aliondoka kwa miaka michache mwishoni mwa karne ya 19 na kufanya kazi Cleveland, kisha akarudi mwaka 1902, akaendelea kuitumikia shule hiyo hadi alipostaafu katika miaka ya 1930. Majengo mengi ya Tuskegee yalitoka katika meza yake ya kuchorea, yakiwemo madarasa, maktaba, na nyumba ya mkuu wa shule iliyokamilika mwaka 1899.

Kanisa la matofali 1,200,000

Katika majengo hayo yote, lililokuwa karibu zaidi na moyo wa Taylor lilikuwa kanisa la shule, lililojengwa kati ya mwaka 1895 na 1898. Wanafunzi walifyatua na kuchoma matofali 1,200,000 kwa ajili yake, kisha wakayajenga wenyewe. Paa lake lilishikiliwa na kenchi kubwa za mbao za msonobari, zilizoachwa wazi ili aliyeketi ibadani aweze kuinua macho na kuiona kazi ya maseremala. Wanafunzi walishiriki pia kuweka mitambo ya joto na taa za umeme, wakati ambapo vijiji vilivyowazunguka vilikuwa bado vikitumia taa za mafuta.

Namna kazi hiyo ilivyoendeshwa inafaa kuangaliwa kwa makini. Mwanafunzi aliyechimba udongo asubuhi aliweza mchana kukaa darasani na kujifunza kusoma ramani ya ukuta uleule alioujenga. Aliyefanya bidii katika useremala aliweza kupanda hadi chumba cha kuchorea. Mbele yake alisimama mwalimu mweusi aliyekuwa na elimu sawa na ya msanifu yeyote wa nchi hiyo. Mtoto wa mtumwa aliona kwa macho yake kwamba umbali kati ya shimo la udongo na meza ya kuchorea unaweza kuvukwa. Hilo lilikuwa somo ambalo halikuandikwa ubaoni.

Baadaye, katika miaka ya 1930, kanisa hilo liliwekewa madirisha ya vioo vya rangi yaliyopata sifa mahali pengi. Picha zake zilitokana na nyimbo za kiroho zilizoimbwa na watumwa mashambani, na kwa sababu hiyo watu waliyaita madirisha yaimbayo. Watu waliokatazwa kusoma walikuwa wamehifadhi imani yao katika nyimbo. Sasa nyimbo hizo zilipata mahali pa kudumu ndani ya ukuta uliojengwa na watoto na wajukuu wao.

Shule za vijijini

Kazi ya Tuskegee haikuishia ndani ya mipaka ya shule. Vijijini watoto weusi walisoma katika vibanda, au ndani ya makanisa yasiyo na madawati, kwa kuwa serikali za majimbo ya kusini zilitumia fedha kidogo sana kwa ajili yao. Mwaka 1912 Washington alishauriana na Julius Rosenwald, tajiri Myahudi wa Chicago aliyeongoza kampuni ya Sears, Roebuck, nao wakaanza kwa majaribio kujenga shule 6 ndogo katika Alabama. Mwaka 1915 Tuskegee ilitoa kitabu cha ramani za shule za vijijini, na Taylor alikuwa miongoni mwa walioiandaa.

Ramani hizo zilitungwa na watu walioyajua maisha ya kijijini. Kwa kuwa hapakuwa na umeme, madirisha makubwa yalipangwa kwa safu ili kuleta mwanga wa jua. Madawati yalipangwa ili mwanga utoke kushoto, mkono wa mwandishi wa kulia usitie kivuli juu ya daftari. Shule ilitakiwa pia kuwa mahali pa mikutano ya wazazi na shughuli za kijiji. Hayo yalikuwa mambo madogo, yenye gharama ndogo, lakini yalitokana na kumfikiria mtoto atakayeketi pale.

Rosenwald hakutoa fedha zote. Sharti lake lilikuwa kwamba wanakijiji wachange na serikali ya mahali itoe sehemu yake. Watu maskini walitoa viwanja, mbao na siku za kazi. Wengine walitenga sehemu ya shamba la pamba ili mavuno yake yaingie katika mfuko wa shule. Hadi mpango ulipofungwa mwaka 1932, zilikuwa zimejengwa shule 4,977 katika majimbo 15, pamoja na nyumba za walimu na karakana. Michango ya watu weusi wenyewe ilizidi dola milioni 4. Mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya ujenzi ya usharika ataelewa uzito wa tarakimu hiyo, kwa kuwa anajua jinsi senti moja moja inavyokusanywa.

Waliotoka Tuskegee

Kama Bezaleli na Oholiabu, Tuskegee ilipewa kazi ya kufundisha. Mmoja wa walimu waliofanya kazi huko alikuwa Wallace Rayfield, ambaye baadaye alifungua ofisi yake katika mji wa Birmingham, Alabama, akawa mchoraji wa makanisa mengi. Maarufu kuliko yote ni Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, lililokamilika mwaka 1911. Katika mji uliowafungia watu weusi milango ya kumbi karibu zote, kanisa hilo lilikuwa nyumba ya ibada na pia mahali pa mikutano, mihadhara na maombolezo. Katika miaka ya 1960 waandamanaji waliodai haki za raia walikusanyika humo kabla ya kuingia barabarani.

Kwa sababu hiyo maadui wa haki walilichagua. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 15 Septemba 1963, bomu lililotegwa na wabaguzi lililipuka na kuwaua wasichana 4 waliokuwa wakijiandaa kwa ibada. Jengo lilitengenezwa upya, na ibada zikarejea. Tukio hilo linaonyesha kwamba nyumba inayoihudumia jamii yake kwa kweli haiwi kitu cha pembeni katika historia. Humo watu hupata nguvu, na humo pia wanaweza kudaiwa gharama kubwa.

Mwingine aliyepita Tuskegee ni Vertner Tandy, mzaliwa wa Lexington, jimbo la Kentucky. Kutoka huko alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akawa msanifu majengo mweusi wa kwanza kusajiliwa katika jimbo la New York. Pamoja na mshirika wake George Foster alichora Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Filipo katika Harlem, lililojengwa mwaka 1910 na 1911. Wasanifu hao wawili walichora pia majengo ya Lincoln Institute, shule ya vijana weusi huko Kentucky iliyofunguliwa mwaka 1912, baada ya sheria ya jimbo hilo kukataza weusi na Wazungu kusoma pamoja. Jina la shule hiyo litarudi tena mbele katika insha hii.

Tuskegee na bara la Afrika

Sifa za Tuskegee zilifika Afrika mapema. Mwaka 1929 Taylor mwenyewe alisafiri hadi Kakata, nchini Liberia, kuandaa ramani na mpango wa mafunzo ya ufundi kwa shule iliyopewa jina la Booker Washington. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1924, Ujumbe wa Phelps-Stokes ulikuwa umezunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, ukichunguza elimu ya Waafrika. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwemo Dkt. James Aggrey, msomi aliyezaliwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Ujumbe huo uliipendekeza elimu inayofungamana na maisha ya vijijini, kwa mfano wa Tuskegee na ndugu yake Hampton.

Lakini mbegu iliyopandwa haikuwa kamili. Serikali za kikoloni zilipokea kwa urahisi nusu ya mfano huo, yaani jembe, randa na tofali, na kuiacha nusu ya pili, yaani kalamu ya msanifu. Kijana wa Kiafrika aliweza kufundishwa uashi mzuri kabisa, lakini njia ya kumfikisha kwenye meza ya kuchorea haikuwekwa. Huko Marekani pia msomi W. E. B. Du Bois alikuwa amekwisha kuonya kwamba elimu ya kazi za mikono, ikisimama peke yake, inaweza kumfunga mtu mahali pa chini. Onyo hilo lilikuwa la haki. Jibu lake lilionekana katika maisha ya Taylor, ambaye alikuwa na kazi ya mikono na elimu ya juu kwa pamoja.

Tanzania ilisubiri hadi baada ya uhuru ili kuiona nusu ya pili. Beda Amuli, aliyesomea usanifu majengo nchini Israeli, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuingia katika taaluma hiyo. Katika miaka ya 1970 Soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam lilijengwa kwa ramani yake, likiwa na mapaa ya zege yenye umbo la miavuli mikubwa iliyowakinga wachuuzi na wanunuzi dhidi ya jua na mvua. Jengo la watu wa kawaida, wauza nyanya na wanunuzi wa samaki, lilipewa heshima ambayo zamani ilitengewa ikulu na benki.

Hotuba ya mwaka 1968

Wakati huohuo, nchini Marekani, mlango wa taaluma ulikuwa bado mwembamba. Norma Merrick Sklarek, mzaliwa wa Harlem, alisajiliwa kuwa msanifu majengo katika jimbo la New York mwaka 1954. Baada ya masomo yake alikuwa ameomba kazi katika ofisi 19 na kukataliwa na zote. Hakuweza kujua kama sababu ilikuwa rangi yake au uanamke wake. Mwaka 1959 alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mwanachama wa Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi AIA. Aliyekataliwa na ofisi 19 aliishi kusimamia miradi mikubwa, na alisaidia vijana wengi kujiandaa kwa mitihani ya usajili.

Hapa ndipo jina la Lincoln Institute linaporudi. Katika uwanja wa shule hiyo, kati ya majengo yaliyochorwa na Tandy na Foster, alizaliwa mwaka 1921 mtoto aliyeitwa Whitney Young. Baba yake alikuwa mwalimu hapo, na baadaye akawa mkuu wa shule. Mtoto huyo hakuwa msanifu. Alisomea ustawi wa jamii, na kuanzia mwaka 1961 aliongoza National Urban League, shirika lililotetea ajira na makazi ya watu weusi mijini.

Mwezi Juni 1968 Young alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa AIA mjini Portland, jimbo la Oregon. Ilikuwa miezi miwili tu tangu Mchungaji Martin Luther King alipouawa. Young hakuwabembeleza wenyeji wake. Aliwaambia waziwazi kwamba taaluma yao haikuwa ikifahamika kwa mchango wowote katika harakati za haki, bali kwa ukimya wake. Aliwaonyesha majengo marefu ya makazi ya maskini, yaliyowarundika watu bila kuwajali, akakataa udhuru kwamba msanifu hutekeleza tu anachoagizwa na mwenye fedha. Aliwakumbusha kwamba mazingira hayo mabaya yalihitaji ustadi kuyajenga, na kwa hiyo ustadi huohuo ungeweza kuyabadilisha. Tena aliwataka watazame ukumbini na kuona jinsi watu weusi walivyokuwa wachache mno kati yao.

Maneno hayo yalichoma, lakini yalizaa matendo. AIA iliunda chombo cha kushughulikia fursa sawa, na mfuko wa ufadhili wa masomo ukaanzishwa kwa msaada wa Ford Foundation. Mwaka 1971 wasanifu weusi 12 walikutana Detroit na kuunda chama chao, kijulikanacho kama NOMA. Young mwenyewe hakuishi kuyaona matunda mengi. Tarehe 11 Machi 1971 alifariki akiogelea baharini mjini Lagos, nchini Nigeria, alikokwenda kwa mazungumzo kati ya viongozi wa Marekani na Afrika. Alikuwa na umri wa miaka 49. Mwaka 1972 AIA ilianza kutoa tuzo yenye jina lake kwa wale wanaoitumia taaluma kuhudumia jamii na kufungua milango yake. Mwaka 2008 tuzo hiyo alipewa Norma Sklarek.

Moto na kanisa jipya

Imesalia kueleza yaliyolipata kanisa la Tuskegee. Mwezi Desemba 1942 Taylor, akiwa mstaafu wa miaka 74, alikuwa Tuskegee akahudhuria ibada katika kanisa alilolichora. Humo ndimo alimoanguka, na muda mfupi baadaye akaaga dunia. Miaka 15 baada ya kifo chake, mwaka 1957, kanisa hilo liliteketea kwa moto. Matofali yaliyofyatuliwa na wanafunzi wake, kenchi za msonobari na madirisha yaimbayo, vyote vilipotea.

Kujenga upya kulichukua muda mrefu. Kanisa jipya lilibuniwa na Paul Rudolph, msanifu Mzungu mwenye jina kubwa, akishirikiana na Louis Fry na John Welch, wasanifu weusi waliokuwa na uhusiano wa miaka mingi na Tuskegee. Mpango wa kwanza ulikuwa wa kuta za zege. Mwishowe kuta zilijengwa kwa matofali, malighafi iliyojulikana vema na mafundi wa mahali hapo. Lilikamilika mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya hotuba ya Portland. Madirisha yaimbayo yaliwekwa tena. Kanisa la kwanza lilikuwa limejengwa na watu waliotengwa, wakifanya kazi peke yao kwa kuwa hawakuruhusiwa kwingine; la pili lilijengwa na weusi na Wazungu wakiketi kwenye meza moja ya kuchorea. Umbali kati ya makanisa hayo mawili ni miaka 71.

Hitimisho

Haitakuwa kweli kusema kwamba kazi imekwisha. Wamarekani Weusi ni takriban 13 katika kila watu 100 wa taifa lao, lakini miongoni mwa wasanifu majengo waliosajiliwa ni takriban 2 tu katika kila 100. Mlango uliofunguliwa na Taylor mwaka 1892 umebaki wazi, ila wanaopita ni wachache bado. Sababu nyingi ni zilezile za zamani: masomo marefu, gharama kubwa, na mtoto kutowahi kumwona mtu wa kwao akifanya kazi hiyo.

Usharika unaotimiza miaka 100 unayo majengo ya kushukuru kwayo, na kwa kawaida unayo mengine ya kupanga: ukumbi, zahanati, shule ya awali, nyumba ya mchungaji. Historia ya Tuskegee haitoi ramani ya majengo hayo. Inatoa swali la kuulizwa mezani pa kamati ya ujenzi kabla ya jiwe la msingi kuwekwa: je, katika mradi huu yuko kijana wa hapa, mvulana au msichana, atakayeingia akiwa mbeba tofali na kutoka akiwa anajua kusoma ramani? Yuko mjane au mlemavu aliyeulizwa mlango uwe mpana kiasi gani na ngazi ziwe ngapi? Na katika vijana wanaofadhiliwa masomo, yuko hata mmoja anayeelekezwa kwenye meza ya kuchorea?

Washington aliitoa saa yake ili tanuri la nne liwashwe, na hakuipata tena. Saa hiyo iligeuka matofali, na katika vijana waliofyatua matofali wakatoka walimu, waashi na wasanifu majengo. Wazee walioanzisha usharika nao walitoa vitu ambavyo hawakuvipata tena: mbuzi, mashamba, siku za kazi na nguvu za ujana wao. Nyumba waliyoiacha imesimama. Karne ya pili itakapotimia, wajukuu watauliza nani alibeba mawe, na pia nani aliyechora. Heri ikiwa majibu yote mawili yatapatikana katika daftari la ubatizo la usharika huu.